Kikapu Kinacholiwa

Ndugu msomaji, nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwenyeji wangu mjini Dar es Salaam alinikaribisha kwenye mgahawa wa Kichina. Ikaletwa sahani yenye kikapu kidogo cha rangi ya dhahabu, ndani yake kamba, ngisi na mboga. Nikala vilivyomo, kikapu nikakisukuma pembeni nikidhani ni pambo. Mwenyeji akacheka: "Bwana, hicho nacho huliwa. Ni gimbi."

Gimbi! Wapishi wa Kikantoni, kusini mwa China, hulikata vipande vyembamba kama nyuzi, huvichanganya na wanga, huvipanga ndani ya chujio la waya, hukandamiza kwa upawa, kisha huzamisha vyote katika mafuta ya moto. Hutoka kikapu, nao hukiita kiota cha ndege. Humo ndimo mgeni wa heshima huandaliwa vyakula vya baharini.

Nilirudi Masumbwe na hasira. Kwetu, mgeni akipiga hodi, mama hufunika michembe upesi na kumtuma mtoto dukani akakope mchele. Harusini, atakayethubutu kuandaa viazi atasimangwa mtaa mzima. Tunafukua ardhi usiku na mchana kutafuta dhahabu, lakini chakula kitokacho katika ardhi hiyohiyo tunakionea haya!

Wapo watakaosema viazi ni chakula cha njaa. Sawa. Mvua zilipokataa, kiazi na muhogo ndivyo vilivyotuvusha. Je, aliyekuokoa ndiye wa kufichwa uvunguni? Wengine watasema Wachina wana fedha. La hasha! Gimbi lile halikupambwa na fedha, lilipambwa na mikono inayokiheshimu chakula chake. Na chombo kinacholiwa sisi tunacho tangu enzi za mababu: tonge la ugali hubonyezwa kwa dole gumba, likachota mchuzi, likaliwa pamoja nao. Nani aliyetuambia kwamba huo ni ushamba?

Sisemi tuache wali. Mpunga nao ni jasho letu. Nasema kwamba deni la mchele wa kujionyesha hulipwa kwa fedha ya sare na madaftari ya mtoto. Mgeni ajaye kwangu atakuta matobolwa na maziwa mgando mezani, waziwazi. Mkataa kwao ni mtumwa, na utumwa huo huanzia jikoni.