Batri za jua: tupime kabla ya kutupa

Lubumbashi ni mji wa shaba, lakini wakaaji wake wengi wamechoka kungojea umeme wa SNEL. Laini kubwa ya Inga–Kolwezi, yenye urefu wa kilometa karibu 1,700, ilijengwa ili kuleta umeme kwa migodi ya Katanga. Katika mitaa mingi, delestaji ingali maisha ya kila siku. Ndiyo maana paneli za jua zinaongezeka juu ya mabati yetu. Lakini baada ya mwaka mmoja ao miwili, taa zinaanza kuzimika mapema usiku, na fundi anatoa hukumu: "Batri zimekufa, nunua zingine."

Kwa maoni yangu, hukumu hiyo inatolewa mara nyingi bila kipimo, na jamaa inapoteza pesa bure.

Batri ya volti 12 yenye maji ina seli sita, kila moja karibu volti 2. Seli hizo zinatembea kama watu waliofungwa kamba moja: mmoja akichoka, wote wanakwama. Kupima volti za batri nzima hakuonyeshi nani amechoka. Kinachotakiwa ni kipimo cha asidi, kile kidude cha kioo kinachovuta maji ya kila seli. Seli iliyojaa inaonyesha karibu 1.265. Ikiwa moja imebaki nyuma ya zingine kwa 0.050 ao zaidi, hiyo ndiyo mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe unajulikana. Katika majira ya mvua, tangu Novemba mpaka Aprili, mawingu yanaziba jua na batri inakaa siku nyingi bila kujaa. Sulfati ya risasi inaganda juu ya mabamba yake. Ikikutwa mapema, inaweza kutolewa: unajaza batri kwanza, unaongeza maji safi ya batri, kisha unaipa chaji ya juu, karibu volti 15 mpaka 16, kwa saa kadhaa, ukipima kila saa mpaka namba zisipande tena. Kazi hiyo inafanyiwa mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa sababu gesi inayotoka inaweza kulipuka. Macho na mikono vikingwe. Batri zilizofungwa, za jeli ao za lithiamu hazifanyiwi hivyo hata kidogo.

Si kila seli itapona. Ile ambayo mabamba yake yamegusana ndani imekwisha. Lakini tujue hivyo kwa kupima, si kwa kubahatisha. Na kuweka batri moja mpya katikati ya za zamani si dawa: za zamani zitaichosha upesi.

Kuna desturi mbili za kuacha. Ya kwanza ni kuongeza asidi pale maji yamepungua. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki ndani. Kuiongeza ni kuharibu mabamba. Ya pili ni kumwaga asidi ya zamani katika lupango, pale watoto wanacheza. Maji hayo yamebeba risasi. Wakaaji wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa nchini Kenya, walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha batri za zamani. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini pesa haitoi risasi katika mwili wa mtoto.

Basi wenye batri wamwombe fundi aonyeshe namba za kila seli kabla ya kufungua mfuko. Shule zetu za ufundi zifundishe kazi hii. Na meria itenge mahali pa kupeleka batri zilizokufa kweli. Mji unaochimba madini ya batri za dunia nzima usishindwe kutunza batri zake wenyewe.