Nani anamjua Mweze Ngangura huko Lubondja?

Mtajie kijana wa Lubondja jina la Steven Kanumba, atakusimulia filamu zake moja baada ya nyingine, ingawa mwigizaji huyo alifariki Dar es Salaam tangu Aprili 2012. Mtajie King Majuto, ataanza kucheka kabla hujamaliza kutamka. Lakini mtajie Mweze Ngangura, na huenda akakuuliza huyo ni mwanasiasa wa chama gani.

Mweze si mwanasiasa. Ni mtengenezaji wa filamu, na alizaliwa Bukavu mwaka 1950, katika mji mkuu wa jimbo hilihili la Kivu Kusini ambalo Lubondja na wilaya nzima ya Fizi zimo. Alisomea sinema Ubelgiji, akarudi nyumbani na kufundisha Kinshasa. Mwaka 1987, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, alitoa La Vie est belle, filamu ambayo Papa Wemba anaigiza kama Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayeingia Kinshasa kutafuta bahati. Mwaka 1999 filamu yake nyingine, Pièces d'identités, ilishinda tuzo kuu ya tamasha la FESPACO huko Ouagadougou. Hiyo ndiyo tuzo inayotamaniwa kuliko zote katika sinema ya Afrika, na aliyeibeba ni mtoto wa Bukavu.

Pièces d'identités inamhusu mfalme mzee, Mani Kongo, anayesafiri hadi Ubelgiji kumtafuta binti yake aliyepelekwa huko akiwa mtoto. Ugenini, ufalme wake haumsaidii kitu. Anaishiwa fedha mpaka anaweka rehani mavazi na alama za ufalme. Familia nyingi za Fizi zina ndugu aliyevuka ziwa au bahari na hajarudi. Kisa hicho kinawahusu moja kwa moja, ila hakijawafikia.

Ikiwa mwongozaji mwenyewe hajulikani, waigizaji wake ndio kabisa. Papa Wemba anakumbukwa kwa sababu ya muziki wake, na kwa sababu alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 akiimba. Lakini katika La Vie est belle kuna Bibi Krubwa, aliyeigiza Kabibi, msichana anayependwa na Kourou na kuchukuliwa na tajiri kuwa mke wa pili. Kuna Kanku Kasongo, aliyeigiza tajiri huyo na kuchekesha watu kwa kujikuta mtumwa wa masharti ya mganga. Wanamuziki Pepe Kalle na mcheza dansi wake Emoro nao wamo. Bila Kabibi hakuna kisa, bila tajiri hakuna kicheko. Hata hivyo, ni vigumu kupata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza maisha ya Bibi Krubwa au ya Kanku Kasongo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa sinema ya Kongo, msemo huo umeshindwa. Kizuri kilikuwepo, lakini hakikujiuza Fizi, na sababu ya kwanza ni lugha. Filamu hizo zinasema Kifaransa na Lingala. Wilaya ya Fizi ina lugha zake za nyumbani, Kibembe kikiwa mbele, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni, kanisani na shuleni. Mama asiyeelewa Kifaransa hawezi kukaa saa moja na nusu akitazama midomo ikicheza tu.

Sababu ya pili ni vita. Tangu 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka Ziwa Tanganyika na kuishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kuanzia mwaka 2005 wengi wao walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Waliorudi walikuwa wamezoea miaka mingi ya maisha ya Tanzania, pamoja na vichekesho na filamu zake. Hakuna ubaya katika hilo. Majuto, ambaye jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani, alifariki Agosti 2018 akiwa amewachekesha watu wa nchi nyingi, na anastahili kukumbukwa Lubondja kama anavyokumbukwa Tanga. Tatizo ni kwamba upande wa pili wa mizani hauna kitu.

Tanzania ina somo lingine ambalo halizungumzwi sana. Kwa miaka mingi filamu za Marekani, India na China ziliwafikia watu wa kawaida kupitia sauti ya mtu mmoja anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Maarufu wao alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Hakuwa mwigizaji wala mwongozaji, lakini watu walitafuta kanda kwa sababu ya jina lake. Alieleza, akatania, akaongeza chumvi pale ilipopungua, na mtazamaji akahisi kisa cha mbali kimekuwa cha mtaani kwake. Kama sauti ya namna hiyo iliweza kuileta Hong Kong hadi Dar es Salaam, haishindwi kuileta Kinshasa hadi Lubondja.

Suala hili si burudani tupu. Kamera huja Kivu Kusini mara nyingi ikifuata risasi. Mwaka 2015 Bukavu ilipokea vikao vya mahakama ya maigizo ya Milo Rau, vilivyozaa filamu The Congo Tribunal. Mwaka huohuo filamu kuhusu Daktari Denis Mukwege, L'homme qui répare les femmes, ilipigwa marufuku na serikali kabla ya kuruhusiwa wiki chache baadaye. Kazi hizo zina thamani kubwa. Lakini mtoto wa Fizi anayejiona kwenye picha akiwa mkimbizi tu, au mwathirika tu, au mwenye bunduki tu, anajifunza kwamba hizo ndizo nafasi tatu alizopewa duniani.

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, ameonyesha njia nyingine. Filamu yake Maman Colonelle ya mwaka 2017 inamfuata Kanali Honorine Munyole, afisa wa polisi wa kulinda wanawake na watoto, anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Vita vimo ndani yake, na maumivu yamo. Lakini mwanamke huyo ana jina, cheo, hasira na mzaha. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du réel, Paris. Paris ilimtazama. Swali ni lini Fizi nayo itamtazama.

Wapo watakaosema hili ni anasa. Watu wanakimbia vijiji, barabara ni mbovu, zahanati hazina dawa, na mtu anazungumzia sinema! Hoja hiyo ni nzito, na hakuna anayedai projekta inunuliwe kabla ya dawa. Lakini vijana hawasubiri amani ndipo watazame filamu. Wanatazama tayari, kwenye simu na kwenye vibanda vinavyotumia sola au jenereta. Kinachojadiliwa ni watazame nini, na kwa lugha gani.

Hatua zinazohitajika hazina gharama kubwa. Nchi ina mfuko wa serikali wa kukuza utamaduni, nao unapaswa kuonyesha ni kiasi gani kinavuka Kinshasa na kufika wilayani. Wizara ya utamaduni ya jimbo inaweza kuanza na filamu tatu au nne za Kikongo, kuomba idhini ya wenye haki, na kuziwekea sauti ya Kiswahili cha huku, kwa kutumia watangazaji wa redio za Baraka na Fizi ambao wana sauti na utani wa kutosha. Idhini ni lazima. Sheria ya haki za watunzi ipo tangu 1986, na kumtukuza msanii kwa kumuibia kazi yake si kumtukuza.

Redio za jamii nazo zinaweza kutenga nusu saa kwa wiki kusimulia maisha ya wasanii hawa, na kuwahoji wachekeshaji, wapiga ngoma na waigizaji wa makanisani wa Fizi wakiwa bado hai. Na mashirika yanayokuja kupiga picha yaandike mwishoni mwa filamu majina ya wakalimani, madereva na waongozaji wa njia wa hapa kila wanapokubali, na yawalipe inavyostahili. Jina ni malipo, lakini halinunui unga.

Mwaka 2012 Rachel Mwanza, msichana aliyekuwa ameishi mitaani Kinshasa, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike Berlin kwa filamu Rebelle. Kipaji chake kilikuwepo kabla Wajerumani hawajakiona. Vya Lubondja pia vipo. Jimbo lisipoandika majina yao sasa, miaka ishirini ijayo watauliziwa kama anavyouliziwa Mweze leo: huyo ni wa chama gani?