Mashini ni Yetu, Saa ni ya Nani?



Katika kiwanda chenye utaratibu, mashini haizimwi katikati ya zamu ili itengenezwe bila wanaoiendesha kuambiwa. Fundi huja kwa saa iliyotangazwa. Asiyetangaza huulizwa na kamati.

Kompyuta haina adabu hiyo. Sisi wa Misiera, hapa Nakivale, wakulima pamoja na vibarua tunaokwenda Mbarara kutafuta kazi, tunatumia kompyuta moja kuukuu ya kubeba tuliyoichangia fedha. Ndani yake zimo hesabu za siku za kazi, majina ya wanachama na barua za madai. Umeme wake ni wa sola, na intaneti yake hutoka katika simu ya mmoja wetu kwa bando la siku. Mara nyingi mambo huwa hivi: mwandishi wetu anaketi kupiga chapa barua, na mashini, bila kuuliza, inaanza kuvuta programu mpya kutoka ng'ambo. Bando la kupelekea barua linakwisha kabla barua haijaondoka. Kisha mashini yajizima na kujiwasha, yatuonya kwenye kioo tusiizime, na asilimia zapanda polepole kama mtu apandaye mlima na gunia la mahindi, hali betri inashuka. Jua likizama kabla ya kazi hiyo kwisha, yanayofuata mnayajua. Kampuni yenye programu hiyo hatuitaji jina, maana desturi hii ni ya wengi wao.

Watu wa mjini watasema ni jambo dogo. Nani analipa? Julai 2021 Uganda ilianza kutoza ushuru wa asilimia 12 juu ya bando, mahali pa ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018. Basi kibarua ananunua bando kwa ujira wake, analipa na ushuru juu yake, halafu bando linaliwa na kitu ambacho hakukiagiza. Kasoro ni ya kiwanda chao, gharama ya kuirekebisha ni yetu.

Hatusemi masasisho yakataliwe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilishika kompyuta katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa, na dawa yake Microsoft walikwisha itoa Machi. Waliochelewa kusasisha ndio walioumia. Lakini tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 na ndege zikakaa chini. Anayesukuma mzigo kwa wote bila kuuliza, akikosea huwakosea wote siku moja.

Tunalodai ni kwamba saa na bando viamuliwe na mwenye mashini. Mwaka 2016 huko California mama mmoja mwenye ofisi ya safari aliishtaki Microsoft kwa kuwa Windows 10 ilijaribu kuingia katika kompyuta yake bila ruhusa na kumharibia kazi. Mahakama ilimpa dola 10,000. Kampuni ilikana kosa, lakini iliacha rufaa na kulipa. Sisi hatuna mawakili wa kwenda California. Na hiyo Windows 10, watu waliyosukumiwa hivyo, tarehe 14 Oktoba 2025 ilikoma kupewa masasisho ya bure ya kawaida, na mashini nyingi za zamani haziwezi kupokea ile inayofuata.

Kwa sasa, wenye Windows wafanye hivi. Katika mipango ya mtandao, wekeni alama kwamba intaneti hiyo inalipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatangoja. Yaweza pia kusimamishwa hadi siku 35, ila msiyasahau huko. Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Basi juma hilo mwanachama anayekwenda Mbarara aichukue mashini, akae nayo mchana penye umeme wa hakika na intaneti ya bei nafuu, asasishe mpaka mwisho. Kabla ya kuondoka anakili majina na hesabu kwenye flashi, naye mweka hazina aishike. Nauli na bando vitoke katika mfuko wa kikundi, si katika mfuko wa mwenye simu kama ilivyo sasa.