Menyu ya simu inavyomponza mkulima wa kahawa

MSIMU wa kahawa ukipamba moto katika wilaya za Bukoba na Muleba, foleni haiko kwenye chama cha msingi peke yake. Iko pia kwa wakala wa fedha za simu. Kuanzia Kagoma hadi Kamachumu, mambo ni yale yale: mzee anatoa simu yake ya kitochi, anamkabidhi wakala, kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti ambayo hata wa nyuma yake anaisikia.

Wengi husema huo ni uzembe wa mkulima. Mimi ambaye kazi yangu ni kupanga kurasa za simu sikubaliani nao. Tatizo limeanzia kwa walioipanga menyu.

Ukurasa mmoja wa huduma hizi za kupiga nyota na reli haubebi zaidi ya herufi 182, tena una muda wake. Mzee anatafuta miwani, anasoma namba ya wakala ukutani, anahesabu sifuri za laki tatu, na kabla hajamaliza ukurasa umefutika. Anaanza upya. Ukimkatikia mara ya tatu huku watu wakimnung'unikia nyuma, atafanya nini? Atatoa simu na namba ya siri kwa pamoja.

Haikuwa hivi mwanzoni. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, nia ilikuwa wakopaji wadogo walipe marejesho yao kwa simu. Wao wakaanza kutumiana pesa, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya mambo machache: kutuma, kutoa, kununua muda wa maongezi. Tanzania ikaipata mwaka 2008. Leo menyu zimejaa bili, michezo ya kubahatisha, bima na mikopo, kwa sababu kila idara ya kampuni inataka mlango wake. Salio, ambalo ndilo muuza kahawa analiulizia kwanza, kwenye mitandao mingi limefichwa ndani ya "Akaunti Yangu".

Hapo kwenye mikopo ndipo penye hatari zaidi. Ukituma pesa na salio halitoshi, baadhi ya menyu hukuuliza kama ungependa kukamilishiwa pungufu. Mtu aliyekwisha kubonyeza 1 mara tatu mfululizo atabonyeza 1 ya nne bila kusoma. Deni lina ada, na siku malipo ya kahawa yakiingia linakatwa lenyewe kwanza. Kagera tunaijua biashara hii kwa jina la butura, pale mkulima anapouza kahawa ikiwa bado maua. Tofauti ni kwamba kwenye butura angalau unaonana uso kwa uso na mnunuzi.

Si kila kitu ni kibaya. Jina la mpokeaji kuonekana kabla ya kuweka namba ya siri ni kazi nzuri sana, imeokoa fedha za wengi. Lakini jina hilo ni la aliyesajili laini. Mfanyabiashara wa ndizi anayemlipa mama mwenye kibanja, huku laini ikiwa ya mtoto wake, huzoea kuona majina asiyoyajua, na siku akikosea tarakimu haoni ajabu. Ndiyo maana inafaa kila mtu atumie laini iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole.

Aidha, Tigo ilipogeuka kuwa Yas mwishoni mwa 2024, na Tigo Pesa kuitwa Mixx by Yas, namba ya kupiga, *150*01#, haikubadilishwa. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani wazee wengi hawasomi menyu. Vidole vyao ndivyo vinavyokumbuka. Kwa sababu hiyo hiyo mitandao ingekubaliana kwamba salio liwe ukurasa wa kwanza kote, na swali la mkopo lisijibiwe kwa tarakimu ile ile ya "endelea".

Kampuni zinasukuma programu za simu janja zenye picha na rangi. Ni sawa kwa vijana wa Bukoba mjini, ila kitochi hakizipokei, na mkulima wa kitochi ndiye mwenye kahawa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii kutoka Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano tu kunafichua kasoro nyingi. Watano hao wanapatikana kwenye chama chochote cha msingi mwezi Juni, mradi mtaalamu akae kimya awatazame.

Kwa sasa, aliyewahi kutaja namba yake ya siri mbele za watu aibadilishe leo. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" upelekwe 15040, pamoja na namba iliyoutuma.