Jengo la Sayansi Si la Kupigia Selfie

Wasee, tuongee ukweli. Campo ikijenga jengo jipya la sayansi, cha kwanza tunachoonyeshwa ni picha. Vioo juu hadi chini, ukuta umepinda kimtindo, mheshimiwa anakata utepe. Hakuna anayeuliza huko ndani watu watafanya kazi aje.

Msimamo wangu ni huu: jengo bora la sayansi ni lile wanaolitumia wanaweza kulibadilisha.

Cheki chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, walijenga fastafasta nyumba ya mbao ya kufanyia utafiti wa rada. Hata jina haikupewa, iliitwa tu Building 20. Ilikuwa ya muda, ibomolewe vita vikiisha. Ilisimama hadi 1998. Miaka 55! Wakati wa joto ilichoma, na sakafu ilipiga kelele ukitembea. Lakini ukitaka kupitisha waya, unatoboa ukuta, basi. Mwanafizikia Jerrold Zacharias alipohitaji nafasi ya saa yake ya atomiki, sakafu mbili zilitolewa. Noam Chomsky, mtu wa isimu, alikuwa na ofisi humohumo na watu wa elektroniki.

Palepale ilipobomolewa pakajengwa Stata Center, kazi ya Frank Gehry, ikafunguliwa 2004. Kuta zimeinama kama zimelewa, na kwa picha ni moto. Mwaka 2007 MIT ikampeleka Gehry kortini, ikidai jengo linavuja na lina nyufa. Waliishia kuelewana nje ya korti.

Utaniambia urembo unavutia wanafunzi. Sawa, sikatai, na najua watu wanafanya kazi kubwa humo Stata hadi leo. Shida ni urembo ukitangulia kazi.

Campo niliyoacha ilikuwa na maabara ya vioo, imeangalia jua la mchana. Ikifika saa nane tunabandika manila kwa dirisha ndiyo tuone skrini. Soketi zilikuwa mbili, watu arobaini. Kuongeza moja tu, barua ipitie ofisi tatu. Mtu mwenye wazo alikuwa anachoka kabla hajaanza, na wengine waliondoka na mawazo yao.

Kwa hivyo wewe uliye campo saa hii, usingoje utepe ukatwe. Hizo ni karo zako na ushuru wa mzazi wako. Uliza mapema, ramani ikiwa bado karatasi: Soketi ni ngapi? Jua linaingilia wapi? Maji yakikatika inakuwaje? Huu ukuta unaweza kutolewa? Nani anashika funguo usiku?

Wakikosa majibu, jua mnajengewa mahali pa kupigia selfie. Na hiyo hata kwa simu yako unapata bure.