Tahariri: Pakiti Iliyofungwa

Ndugu Waislamu, kila linapotajwa neno karata msikitini, wengi wetu huwa tumekwisha kutoa hukumu kabla msemaji hajamaliza maneno yake. Wanavyuoni wa usuli wametufunza kuwa hukumu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu. Basi na tulifahamu.

Mwaka 1999 ulifunguliwa nchini Marekani ulimwengu wa kubuni katika intaneti uitwao EverQuest, ambamo watu huingia kwa kompyuta na kuishi kama wapiganaji. Mwaka 2007 Sony Online Entertainment, kampuni iliyoumiliki, iliingiza humo mchezo wa kadi, Legends of Norrath. Kadi zake hazikuwa za karatasi bali picha za kompyuta, na mchezo wenyewe ulikuwa wa kupanga na kufikiri. Lau ungeishia hapo, tusingekuwa na maneno mengi juu yake.

Lakini kadi ziliuzwa kwa fedha halisi katika pakiti zilizofungwa. Mnunuzi alilipa kwanza, kisha akafungua na kuona alichopata. Katika pakiti chache ilifichwa kadi ya tunu, na mwenye kuipata aliibadilisha kwa kitu cha kutumia ndani ya EverQuest: mnyama wa kupanda, au pambo la nyumba. Kwa tunu hiyo, hata asiyejali kadi alikuwa na sababu ya kununua pakiti.

Hapo mwanafunzi wa fiqhi hukumbuka biashara ya kokoto. Kwa tafsiri moja ya wanavyuoni, mnunuzi alitupa kokoto, na nguo iliyoangukiwa ikawa yake kwa bei ile ile, iwe joho au tambara. Mtume (S.A.W.) aliikataza, pamoja na kila biashara ya gharari.

Atasema msemaji: mbona kila mnunuzi alipata kadi, wala hakuna aliyetoka mikono mitupu? Naam, na mtupa kokoto naye alipata nguo. Kilichokatazwa ni kulipia usichokijua. (Pakiti nyingine zilipatikana bure mchezoni, na hizo zina maneno mengine, kwani Imam Malik husamehe gharari katika zawadi. Tusichanganye mambo.)

Mwezi Agosti 2016 Legends of Norrath ilifungwa. Waliolipa kwa miaka minane au tisa hawakubakiwa hata na kipande cha karatasi.

Biashara yenyewe, hata hivyo, haikufa. Katika mchezo wa mpira wa FIFA, ambao vijana wetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaujua vyema, na ambao tangu 2023 huitwa EA Sports FC, wachezaji hutolewa kama kadi ndani ya pakiti. Mwezi Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji, ambayo haikusoma fiqhi yetu, iliamua kuwa pakiti za FIFA 18 zinazolipiwa ni kamari. Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo.

Mzazi ambaye mwanawe hucheza kwa simu yake, tunamuomba asianze kwa kumnyang'anya. Akae naye, amwambie amwoneshe mahali pa kulipia, kisha amuulize swali moja: je, hiki unachotaka kukinunua, unakiona kabla hujalipa?