Gunia la Ngumi Nyumbani: Ni la Nguvu, Si la Hasira



Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma akatuuliza: "Shekhe, mwanangu wa miaka kumi na sita ana hasira za karibu. Nduguze wadogo hawapumui. Anataka nimnunulie gunia la ngumi alitundike uani. Je, yafaa?" Tulimjibu papo hapo, viatu vyetu vikiwa mkononi: "Mnunulie, mama. Afadhali apige gunia kuliko apige nduguze. Hasira ziishie huko." Jibu lilimpendeza, na kwa kweli lilitupendeza hata sisi. Mama akalinunua gunia kwa fedha za zamu yake ya chama.

Juma la tatu alirudi. Kijana alikuwa akiingia uani amefura, akilipiga gunia huku akilitaja jina la nduguye, kisha akitoka amefura kuliko alivyoingia. Siku moja alitoka guniani moja kwa moja akamzaba mdogo wake kofi. Isitoshe, kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba. Mama yule hakutulaumu. Alituuliza tu, kwa adabu, kama kuna jambo alilolikosea. Aliyekosea hakuwa yeye. Tuliulizwa jambo tusilolijua, na badala ya kusema hatujui, tukatoa jibu tamu.

Basi tukaenda kuwauliza wajuao, na haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Hasira haitoki kwa ngumi

Kijana wa jamaa yetu anayesomea saikolojia alitueleza utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Brad Bushman. Wanafunzi 600 wa chuo, wanaume kwa wanawake, walighadhibishwa kwa makusudi: waliandika insha, kisha wakarudishiwa maneno makali ya kuikashifu. Kundi moja likapewa gunia la ngumi na kuambiwa lipige huku likimfikiria aliyewakashifu. Kundi la pili likapiga gunia likifikiria afya ya mwili. Kundi la tatu halikupiga chochote. Lilikaa kimya tu kwa dakika chache.

Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliotoka na hasira kubwa zaidi, na ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kumdhuru mwenzao walipopewa nafasi. Waliokaa kimya ndio waliokuwa na shari kidogo kuliko wote. Tuliposikia hayo tuliona haya, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza tukighadhibika tunyamaze, tukae, tutawadhe. Dawa tulikuwa nayo mkononi, tukampa mama wa watu kitu kingine.

Gunia halina uso

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kusema gunia lenyewe lisiingie nyumbani, kwa kuwa ndondi zimekatazwa. Hapa panahitaji kupambanua. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Rabita ya Makka, katika kikao chake cha kumi mwaka 1408 Hijria, sawa na 1987, liliamua kwamba ndondi za ulingoni haziruhusiwi. Sababu iliyotajwa ni madhara: kila mmoja anajihalalishia kumuumiza mwenzake, maumivu yanayoweza kufikia upofu, kuharibika ubongo, hata kifo. Pamoja na hayo, sote twajua makatazo ya kupiga uso.

Gunia halina uso, wala halina ubongo wa kudhurika. Kwa fahamu yetu, anayelipiga ili auimarishe mwili wake hayumo katika katazo hilo, maadamu hajidhuru wala hamdhuru jirani. Na kwa mama na mabinti zetu wasiopata ukumbi wa mazoezi wenye sitara, zoezi la nyumbani lina faida ya ziada: mlango umefungwa, na kila mtu yuko huru na mavazi yake.

Namna ya kulichagua

Kabla hujaenda dukani, inua macho utazame dari. Gunia lililotundikwa haliking'inii tu. Linayumba, na linapoyumba huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wake. Dari ya jasi au ya mbao nyembamba haifai kabisa. Katika nyumba zetu za kale za mawe, boriti za mikoko huenda zimeliwa kwa ndani na kwa nje zikaonekana nzima. Mwite fundi, na pete ya kutundikia itiwe katika zege au boriti aliyoihakikisha. Mpangaji aombe ruhusa kwa mwenye nyumba.

Asiye na pa kutundika hununua gunia la kusimama, lenye kitako kinachojazwa maji au mchanga. Mchanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo hulituliza zaidi. Anayeishi ghorofani aweke chini yake zulia nene au mkeka wa mpira, na asipige alfajiri wala usiku wa manane. Haki ya jirani wa chini haiondoki kwa sababu sisi tunajenga misuli.

Kisha utazame uzito. Kadirio linalotumiwa na wengi ni nusu ya uzito wa mpigaji: mwenye kilo 60 hutosheka na gunia la kilo 30. Jepesi mno hurukaruka kila likiguswa. Zito mno huurudisha mshindo wote kwenye vifundo vya mikono. Kwa nyumba ambamo mama na watoto wakubwa watalitumia kwa zamu, chagueni la yule aliye mwepesi. Urefu wa mita moja hivi unatosha kwa ngumi. Anayetaka kutumia na miguu atafute la mita moja na nusu au zaidi.

Ngozi halisi hudumu, lakini katika hewa yetu ya bahari huota ukungu isipopanguswa na kupata upepo. Ngozi ya bandia husafishika kwa urahisi. Turubai ni rahisi kwa bei, ila huchubua vidole. Vyovyote iwavyo, kagueni mnyororo kila mwezi, maana chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya, na gunia la kilo 30 likimwangukia mtoto si jambo dogo.

Ama kilichomo ndani, lililo bora kwa familia ni matambara. Wengi hununua gunia tupu na kulijaza wenyewe, na gharama hupungua sana. Fundi cherehani wa mtaani ana vipande vya nguo asivyovihitaji, na kila nyumba ina nguo kuukuu. Toeni vifungo na zipu, tieni matambara tabaka kwa tabaka, na kila tabaka mlishindilie. Msijaze mchanga mtupu. Huteremka chini ukagandamana, na baada ya muda mtu hupiga kitu kama jiwe. Mkinunua lililojazwa tayari, libonyezeni kwa ngumi toka juu hadi chini. Mkiona donge gumu, liacheni.

Wala msimalize fedha zote kwenye gunia. Kile kifundo kilichovimba cha yule kijana kilitokana na kupiga kwa mikono mitupu. Panahitajika bandeji za kufungia mikono na glavu za aunsi 12 au 14. Ngumi hufungwa kidole gumba kikiwa nje, juu ya vidole vingine. Kifundo hunyooka sawa na mkono. Na kinachogusa gunia ni vifundo viwili vya kwanza vya vidole. Mtu akianza, apige taratibu. Kasi itakuja yenyewe.

Nguvu kabla ya ngumi

Mwalimu mmoja wa mazoezi mtaani kwetu alitukumbusha kwamba gunia ni sehemu moja tu ya kazi. Mwili usio na nguvu ya miguu, mgongo na tumbo hauna cha kupigia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wazima wajishughulishe kwa dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma, na pamoja na hayo wafanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Wengi wetu tunatembea. Hizo siku mbili za misuli ndizo tunazozipuuza.

Na hasara yake huja polepole. Baada ya miaka thelathini hivi misuli huanza kupungua kwa asiyeitumia, na kwa mama aliyekoma hedhi mifupa nayo hupungua nguvu kwa haraka zaidi. Sisi tuliovuka hamsini tumeliona hilo msikitini: tulikuwa hatuinuki katika sijda bila kushika goti. Kazi ya kusomesha ukiwa umeketi ina malipo yake.

Sisi nyumbani tumechagua Jumapili na Jumatano, ili anayefunga Jumatatu na Alhamisi asitaabike. Tunaanza kwa dakika tano za kutembea uani na kuzungusha mabega. Kisha:

Kuketi kitini na kuinuka bila kutumia mikono, mara 10.

Kusimama mbele ya ukuta, kuusukuma kwa viganja, kuinama na kujisukuma nyuma, mara 10. Ukuta ukiwa mwepesi, meza imara. Meza ikiwa nyepesi, sakafu.

Kulala chali magoti yakiwa yamekunjwa, kuinua nyonga na kuishusha, mara 10.

Kubeba mitungi miwili ya maji ya lita 5, mmoja kila mkono, na kutembea nayo mgongo ukiwa umenyooka kwa nusu dakika. Hizo ni kilo tano kila upande.

Kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa sawa kama ubao, kwa sekunde 20.

Mzunguko huo hurudiwa mara mbili, na baada ya majuma machache mara tatu. Mara 10 zikiwa rahisi, ziwe 12. Baada ya hapo ndipo tunapolifikia gunia: raundi tatu za dakika mbili mbili, na mapumziko ya dakika moja kati yake. Pumzi hutolewa kila ngumi inapotoka. Msizuie pumzi, iwe kwa ngumi au kwa kunyanyua, kwani kuizuia hupandisha shinikizo la damu. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Kiungo kuuma si kawaida.

Mwenye presha, maradhi ya moyo, mjamzito au aliyejifungua karibuni amwone daktari kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge apime sukari kabla ya kuanza na aweke kitu kitamu karibu, kwa sababu mazoezi huweza kuishusha. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, acheni. Na katika Ramadhani, wakati unaofaa ni usiku baada ya futari kutulia.

Kwa wanaotaka kujua, watu wa nyumbani kwetu wametutangulia. Wao wameshahamia mezani. Sisi tungali ukutani.

Tulimrudia yule mama

Tulikwenda kwake pamoja na mwalimu wa mazoezi, tukaketi na kijana mwenyewe. Tulimwambia kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa kosa, na lawama ya yaliyofuata ni yetu pia, ingawa kofi lilikuwa lake na ilimbidi amwombe msamaha mdogo wake. Kisha tukakubaliana masharti matatu. Gunia lina saa yake, baada ya Alasiri, siku mbili kwa juma, na halifunguliwi nje ya saa hiyo. Aliyeghadhibika haligusi, anatawadha, anakaa, anangoja mpaka moyo utulie, hata kama siku ya zoezi itampita. Na hakuna jina la mtu linalotajwa mbele yake. Kazi ya kushika saa na kuhesabu raundi alipewa yule mdogo.

Hatusemi kijana amekuwa malaika. Lakini juzi mama alituhadithia kwamba alirudi shuleni amevimba uso, akapita uani, akaweka kiganja juu ya gunia, akasimama kidogo. Kisha akaenda kwenye birika, akatawadha, akakaa barazani mpaka adhana ya Magharibi. Mama hakumuuliza kitu. Alimpelekea chai.

Enyi wazazi wenzetu, mkitaka kununua gunia, linunueni kwa ajili ya miguu itakayosimama katika sala, mgongo utakaombeba mjukuu na mikono itakayonyanyua mtungi uzeeni. Hasira msilikabidhi. Nasi tumejifunza letu: tukiulizwa jambo tusilolijua, tuseme hatujui, twende tukaulize.

Mwenyezi Mungu atupe afya, atulinde na shari za nafsi zetu, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.